Hodi, Kengele na Jicho la Mlangoni

Hodi ni ombi. Anayeipiga hukiri kwamba nyumba ina mwenyewe, naye mwenyewe, kwa kuitika "karibu", humpa mgeni idhini ya kuvuka kizingiti. Katika adabu za Waswahili wa pwani, hodi hupigwa mara tatu. Isipoitikiwa, muungwana hurejea alikotoka bila kinyongo. Sisi wa bara tumeirithi adabu hiyo pamoja na lugha yenyewe. Hata huku Kericho na Bomet, ambako wazee huamkuana kwa Kikipsigis, neno hodi si geni mlangoni.

Kengele ya umeme ni hodi iliyotiwa waya. Mwanasayansi Mmarekani, Joseph Henry, aliliza kengele kwa sumaku ya umeme mnamo 1831, na nguvu hiyo hiyo ya sumaku ndiyo inayoiliza kengele kongwe ya shangazi yangu karibu na Litein. Transfoma hupunguza umeme wa volti 240 hadi volti 8. Kitufe kikibonyezwa, mkondo hupita katika koili, koili ikawa sumaku, nayo ikavuta kijiti cha chuma kinachogonga bamba la kwanza. Kitufe kikiachiliwa, kijiti hurudi na kugonga bamba la pili. Kitufe kisipoguswa, hakuna mkondo unaopita kwenye kengele.

Kengele yenye kamera ina tabia nyingine. Wazo la kumwona mgeni kwa kamera si jipya. Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa New York, pamoja na mumewe, walipewa hataza ya mtambo wa namna hiyo mwaka 1969. Lakini jicho la siku hizi halilali. Huhitaji umeme mchana na usiku, aghalabu wa volti 16 hadi 24, na huupata kupitia nyaya zile zile za kengele. Koili ikipitiwa na mkondo huo mdogo pasipo kukoma, kengele huweza kunguruma kama nyuki mzingani. Transfoma nayo ikiwa dhaifu, kamera huzimika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa shangazi. Binamu zangu waishio Nairobi walimwekea kamera ili wamjue kila ajaye, kwa kuwa huishi peke yake. Ilipokuwa ikizimikazimika, fundi alidhani kwamba kengele ndiyo inayokula umeme, akairuka kwa kipande cha waya. Kamera ikapata nguvu. Kengele ikawa bubu. Tangu siku hiyo, jirani akibonyeza kitufe, simu ililia Nairobi. Binamu akiwa kazini hakuitika, na aliyekuwa ndani hakusikia kitu. Wanawake wa chama chake walikuja mara mbili wakaondoka. Habari zikaenea kwamba mwalimu mstaafu siku hizi anajitenga. Naye shangazi alikuwa akijiuliza kwa nini watu wamemtupa.

Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Walisema pia: usiache mbachao kwa msala upitao. Fundi wa pili hakuchagua kati ya methali hizi mbili. Alizima umeme kwenye swichi kuu, akaweka transfoma ya volti 16 ambayo kamera na kengele zote zingeimudu, akaondoa kile kipande cha waya, kisha akaunganisha kwenye skurubu mbili za kengele kijisanduku kilichokuja na kamera. Kijisanduku hicho huupisha kando ule mkondo mdogo wa kulisha jicho. Kitufe kikibonyezwa, mkondo mkubwa huingia katika koili, na kengele hulia kama zamani. Kazi yenyewe haikumaliza hata saa moja.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza nani anazungumza na nani anasikia. Kamera ile ilijibu swali la nani yuko nje, na hilo ni jema kwa usalama wa mzee. Lakini mazungumzo ya mlangoni yana pande mbili, na "karibu" ni haki ya aliyemo ndani. Mtoto aliye mbali anaweza kumlinda mamaye. Hawezi kumpokelea wageni. Kwa hiyo, yeyote anayemfungia mzazi wake kifaa cha aina hii asitosheke kuiona picha kwenye simu. Na ambonyezee kitufe mara moja, kisha aingie ndani amwulize: umesikia?