Usiku wa Kaole, Ngamiani

Mjukuu wa dada yangu, binti wa kidato cha tatu, kaniuliza kama King Majuto alikuwa mtu kweli au ni zile picha tu za kuchekeshana kwenye WhatsApp. Na kaniulizia hapa hapa Tanga, mji aliozaliwa mchekeshaji huyo, jina lake halisi Amri Athumani, mwaka 1948 na alikozikwa Agosti 2018. Nilitamani nimpeleke kwa Ami, lakini Ami hayupo na kibaraza chake kimewekwa vigae.

Ami alikuwa Mshihiri mwenye duka Ngamiani, kwenye mojawapo ya barabara zetu za namba. Televisheni aliileta mwaka aliofariki Mwalimu Nyerere, au mmoja kabla yake. Nimewauliza watu watatu, kila mmoja ana mwaka wake, basi tuendelee. Awali wenye antena ndefu walikuwa wakiinasa TVZ ya Zanzibar, iliyoanzishwa 1973 wakati sisi wa bara hatuna hata ya nyeusi na nyeupe. Wengine waligeuza antena kaskazini wakaambulia Vitimbi na Vioja Mahakamani kutoka kwa Wakenya. ITV ilianza Dar es Salaam 1994, na ilipotufikia ikaja na Mambo Hayo, kisha Kaole. Kwetu kila igizo likawa Kaole, hata likichezwa na kundi jingine.

Duka lilinuka mafuta ya taa, karafuu na papa mkavu, na usiku wa Kaole ikaongezeka tangawizi ya muuza kahawa, ambaye hakuwa mjinga wa biashara. Ami aliitoa televisheni juu ya magunia ya sukari, akaiweka kwenye kreti la soda lililopinduliwa, waya ukipita dirishani. Watoto mkekani, wazee kwenye benchi, wanawake kwenye baraza ya nyumba ya pili, kanga zimefunika magoti. Sharti lilikuwa moja: hakuna kusema mpaka matangazo. Yakiingia tu, Ami anapunguza sauti, anageuka kutukabili, anasema, "Haya, semeni."

Wakasema! Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kila mara. "Hilo shati kalivaa msibani. Leo tunaambiwa miezi mitatu imepita, na doa liko pale pale." Mama mkaanga mihogo hakujali nani kamsaliti nani, yeye aliangalia jiko. "Sufuria tupu hiyo. Hamsikii mwiko unavyolia?" Kuanzia siku hiyo sikuweza tena kumwona mwigizaji akikoroga chochote bila kutega sikio. Mwalimu mstaafu aliwinda r na l, na aliweza kumsamehe mtu asiyejua kulia lakini si anayesema "habali ya asubuhi".

Ami mwenyewe alihukumu kwa pesa.

"Kampa muuza duka elfu kumi, kachukua mkate, kaenda zake. Chenji je?"

"Ami, si igizo tu?"

"Igizo la watu wasio na shida. Halafu mnaniambia huyo ni maskini."

Nimesoma baadaye wahakiki wa vyuo vikuu wakiandika kuhusu uhalisia, na sikuona aliyempita Ami kwenye suala la ile chenji.

Sifa zilitoka kwa taabu. Muhogo Mchungu alizipata, na Mzee Kipara, kwa kuwa walijua kukaa kimya mwenzao anapozungumza. Wengi walikuwa wakisubiri tu zamu yao ya kupiga kelele. Waigizaji wa siku zile wengi walipewa kisa, maneno wakajitungia wenyewe, na benchi letu lilimtambua upesi aliyeishiwa: anarudia jina la mwenzake mara nne. Majuto hakupewa upendeleo wa mtoto wa nyumbani. Kanda zake zilipoanza kuzagaa, wazee walicheka mpaka machozi, kisha wakanung'unika kwamba kile kizee bahili chenye kukimbizana na vibinti kimechezwa vya kutosha, mwenye kipaji kile apewe kisa cha maana.

Lililotuudhi zaidi ni waganga. Tunguri, kaniki, ubani, na lazima atamke kwamba katoka Tanga. Kama si mganga, basi ni mwanamke wa Kitanga aliyemfunga mume wa mtu. Mama wa mihogo aliwahi kuuliza kama huko Dar es Salaam watu hugombana bila msaada wetu.

Kisha ilikuwepo wiki nzima ya kungoja. Aliyekosa alisimuliwa, na wasimulizi wawili hawakuafikiana, kwa hiyo kipande kimoja kilichezwa upya kwa kinyozi, kisimani na kwenye kahawa, kila mtu akitabiri kijacho. Utabiri ukikosea, lawama zilimwendea mtunzi.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Ze Comedy wakaja EATV, wakahamia TBC, tukabishana kama kuiga sauti ya kiongozi ni kuigiza. Akina Kanumba na Ray wakaenda kwenye filamu. Mwanzoni mwa 2013 mitambo ya analojia ikazimwa kwetu, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam, na Ami akakataa kununua king'amuzi. Hakulipia hewa tangu azaliwe, alisema. Siri ya Mtungi, iliyopigwa Bagamoyo kwa picha safi ajabu, hakuiona. Alipofariki, wanawe waligeuza duka kuwa la miamala ya simu.

Siku hizi kuna Huba, kuna Jua Kali, sauti inasikika, sufuria lina mchuzi, na sitasema ni mbaya. Ila zinakuja mfululizo, kabla hujamaliza kukasirika na ya jana ya leo imeshafika. Uhakiki wenyewe ni neno moja, "moto", na vikaragosi vitatu vya kulia.

Mwezi uliopita niliona tamthilia moja ambayo mjane yuko edani, mumewe hana hata mwezi kaburini, naye anakwenda saluni, anaweka kucha, anakutana na mwanamume hotelini, wala hakuna shangazi wala wifi wa kumuuliza. Pwani hii! Niliandika malalamiko marefu kwenye kundi la ukoo, aya tatu, pamoja na zile siku mia moja na thelathini za eda. Shemeji yangu akaniwekea dole gumba, kisha mazungumzo yakarudi kwenye michango ya harusi.