Leseni Haingoji Mahakama

Anayekamatwa Texas usiku wa Jumamosi akiendesha gari amelewa, Jumapili mchana, akishalipiwa dhamana, hurudishiwa vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni: simu, mkanda, pochi, funguo. Pamoja na vitu hivyo huwa na karatasi alizopewa usiku ule, na mojawapo ina kichwa kirefu cha kisheria na maandishi madogo madogo. Wengi hawaisomi. Wanaitupia kwenye droo ya bili, wanaanza kuulizana nani anamjua wakili mzuri, kisha wanasubiri siku ya mahakama.

Karatasi ile ndiyo kesi ya kwanza, na mara nyingi inakwisha kabla hakimu hajaita jina la mtu. Inasema mambo mawili. La kwanza, kwamba ni kibali cha muda cha kuendesha gari. La pili, kwamba kwa kuwa dereva alipimwa akakutwa na kilevi cha 0.08 au zaidi, au alikataa kupimwa, leseni yake itafungiwa kuanzia siku ya 40, isipokuwa aiombe Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo imsikilize, na ombi hilo lipelekwe ndani ya siku 15. Zikipita bila ombi, leseni inafungwa yenyewe. Kwa mara ya kwanza, mtu mzima aliyepimwa na kuzidi anakaa siku 90 bila leseni. Aliyekataa kupimwa anakaa siku 180.

Naandika kutoka Dallas, ambako kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasindikiza ndugu na jamaa kwa mawakili na kuwafasiria. Swali langu la kwanza huwa, "Ulikamatwa lini?" Mara nyingi najibiwa tarehe ambayo siku 15 zake zimekwisha pita. Watu hawa ni wachapakazi na wanajali maisha yao. Shida ni kwamba wamekuja na mazoea ya nyumbani, na nyumbani mambo hayaendi hivi.

Kwetu Tanzania mlevi aliyekamatwa barabarani ana kesi moja. Trafiki anamsimamisha, anamfikisha kituoni, akipimwa na kuzidi anapelekwa kwa hakimu, na hakimu ndiye atakayetamka faini, kifungo, na kama leseni inafungiwa. Mpaka hukumu itoke, dereva anajihesabu bado ana leseni, hata kama afande ameishikilia. Zipo zile taarifa tunazosikia redioni, kikosi cha usalama barabarani kimewafungia leseni madereva kadhaa wa mabasi kwa mwendokasi au kwa kupita magari mengine kwenye kona. Lakini hizo huja kwa kampeni, hasa msimu wa sikukuu au baada ya ajali iliyotikisa nchi. Mwenye gari dogo anayetoka baa saa nane usiku hazimfikii. Na kwa kuwa anajua safari ya mahakamani ni ndefu na ina vichochoro, anatuliza moyo: kesi ikija nitaijibu.

Kipimo chenyewe hakitofautiani. Ile 0.08 ya Texas ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na sheria ya Tanzania kwa dereva wa kawaida inatumia kiwango hicho hicho. Kinachotofautiana ni nini kinatokea baada ya namba kuonekana, na kinatokea lini.

Wakenya wana somo lao katika hili. Alcoblow, mashine ya polisi ya kupima pumzi, ilipoingia barabarani mwishoni mwa 2013, Nairobi nzima iliisikia. Watu walibadili ratiba za Ijumaa, wakaacha magari, wakarudi kwa teksi. Kesi zikaanza, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikazitupa kanuni zile za kupima pumzi. Sababu kubwa ilikuwa kwamba Sheria ya Trafiki, kifungu cha 44, inamtia hatiani mtu aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, ilhali kanuni zilimtia hatiani kwa namba iliyosomwa kwenye mashine. Kifungu hicho hakina huruma hata kidogo: faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili, na kunyimwa leseni kwa miezi 12 tangu siku ya kutiwa hatiani. Adhabu kali hiyo imeandikwa vizuri kabisa. Lakini inaanza siku ya kutiwa hatiani, na kati ya kukamatwa na siku hiyo dereva anaendelea kushika usukani. Texas walilimaliza tatizo la namba ndani ya sheria yenyewe: mtu ana hatia akiwa amepoteza uwezo wake wa kawaida wa mwili au akili, au akiwa na 0.08. Mojawapo inatosha.

Mimi nasimama upande wa utaratibu huu wa kufungia leseni ofisini, pamoja na uchungu ambao nimeuona unawapata watu ninaowapenda. Minnesota ilikuwa ya kwanza Marekani kuuanza, mwaka 1976. Texas iliufuata 1995. Mawazo yaliyo nyuma yake ni ya maana: anayejua kwamba wiki sita zijazo hatakuwa na leseni ana sababu ya kuacha gari leo, kuliko anayetishwa na kifungo cha miaka miwili ambacho hajawahi kuona mtu akikitumikia. Barabara ya Morogoro ingekuwa na misiba michache zaidi kama leseni ya mlevi ingefungwa haraka na kwa kila mtu, awe dereva wa lori au mheshimiwa.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp ambao ningetamani ufe: "Usikubali kupuliza, hawatakuwa na ushahidi." Sheria ya Texas inamhesabu kila anayeendesha gari barabarani akakamatwa kwa ulevi kuwa amekwisha kubali kupimwa. Ukikataa, kufungiwa kunakuwa mara mbili, na askari anaweza kumwomba hakimu hati ya kuchukua damu. Zipo wikendi, hasa za sikukuu, ambazo hakimu amekaa macho kusubiri maombi hayo. Mtu anajikuta amefungiwa siku 180 kwa kukataa, na damu yake imechukuliwa vilevile.

Ukiomba kusikilizwa kwa wakati, leseni haifungwi mpaka shauri liishe. Jaji wa mashauri ya kiutawala anaangalia mambo machache: askari alikuwa na sababu ya kukusimamisha? Alikuwa na sababu ya kuamini umelewa? Ulizidi 0.08, au ulikataa? Hapo hakuna nafasi ya kusema una watoto wanne na mama anayeugua Songea. Wengi wetu hapa ndipo tunapokwama, kwa sababu tumelelewa kwamba mkubwa akielezwa vizuri ataelewa. Jaji huyo hana mamlaka ya kuelewa hayo.

Mlango wa shida za nyumbani upo, ila uko mahakamani. Unaomba leseni ya masharti, inayokuruhusu kwenda kazini, shuleni na kwenye shughuli za lazima za familia kwa saa zilizotajwa, zisizozidi 12 kwa siku. Unapaswa kuwa na uthibitisho wa bima ya madereva wa hatari, nayo bei yake hupanda. Kitu hiki ningependa kukiona kwetu. Hakimu wa Tanzania anayesita kumfungia leseni baba wa familia angekuwa na njia ya katikati: aende kazini na kurudi, basi.

Lakini leseni hiyo haiendeshi lori la biashara, na hapa nawasihi vijana wetu walioingia kwenye malori wanisikilize. Ni wengi, maana kazi hiyo inalipa kuliko nyingi tulizozikuta huku. Ukiwa kwenye lori kiwango chako ni 0.04, nusu ya watu wengine. Na ukikamatwa Jumapili kwenye gari lako dogo, umetoka harusini na familia, ukakutwa umezidi au ukakataa kupimwa, unapoteza haki ya kuendesha lori kwa mwaka mmoja. Mara ya pili ni maisha yako yote, ingawa jimbo linaweza kukufikiria tena baada ya miaka 10. Nimemwona kijana akiuza lori alilolilipia nusu, akiwa ameketi na wakala mezani, hasemi neno, anasaini tu kila ukurasa anaosogezewa.

Kisha kuna kile kifaa cha kupuliza kinachofungwa kwenye gari. Jaji anaweza kukiamuru, na katika makosa fulani ni lazima. Gari haliwaki mpaka upulize, na ukiwa njiani kinalia kukutaka upulize tena. Unakilipia mwenyewe kila mwezi. Dada mmoja aliniambia watoto wake walikuwa wanashuka mtaa mmoja kabla ya shule, ili wenzao wasimwone mama akipuliza.

Kwa asiye raia, shauri lina tawi jingine. Tangu 2015, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inaweza kuifuta viza ya mtu aliyekamatwa kwa ulevi wa barabarani ndani ya miaka 5 iliyopita, hata kabla hajatiwa hatiani. Mwanafunzi anaweza kuendelea kukaa nchini, akaenda Dar kwa mazishi, akashindwa kurudi bila kuomba viza upya. Anayetafuta uraia akiwa na hatia mbili za namna hii anahesabiwa hana mwenendo mwema, na ni juu yake kuonyesha vinginevyo. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2010 katika kesi ya Padilla, wakili wa jinai anapaswa kumweleza mteja wake asiye raia athari za uhamiaji kabla hajakiri kosa. Muulizeni. Asipojibu kwa uwazi, tafuteni wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote.

Kinachonisikitisha zaidi ni siri. Nyumbani ukilala kituoni, kufikia asubuhi shangazi amekwisha jua, mjomba yuko kaunta anaulizia dhamana, na mtu fulani amechukua funguo za gari bila kukuuliza. Aibu ipo, lakini na watu wapo. Huku mtu anaficha. Hamwambii mwenzake wa nyumba, hamwambii mchungaji wala imamu, na kwa kuwa amewaficha hawezi kuwaomba lifti. Kwa hiyo siku ya 41 anaamka saa kumi alfajiri, anawasha gari, anakwenda zamu yake na leseni iliyofungwa. Hilo ni kosa jingine, lenye kesi yake.

Katika mji ambao basi halifiki unakofanya kazi, lifti ya wiki chache ni msaada mkubwa kuliko mchango wa wakili. Jumuiya zetu zinajua kuchanga kwa msiba ndani ya siku mbili. Zinaweza kupanga zamu za kumpeleka mtu kazini.

Hata asiyeficha anaweza kupitwa na muda. Ambaye hakupimwa pumzi bali damu, matokeo yake huchukua wiki nyingi, na barua ya kufungiwa inatumwa kwenye anwani iliyoandikwa kwenye leseni. Texas inakutaka ubadilishe anwani ndani ya siku 30 baada ya kuhama. Sisi tunahama sana, tunafuata kodi nafuu na kazi mpya, na barua inabaki kwenye sanduku la nyumba tuliyotoka.