Deni Lililomnyima Usingizi Mwenzetu

Sisi wanawake wa Bwejuu tunalima mwani, zao lililoingia pwani yetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yalipozidi joto, mwani ukaoza kambani, na madeni ya dukani yakabaki. Mwenzetu mmoja akaacha kula na kulala. Tulidhani ni shetani. Kumbe ni daftari la duka.

Mtume (s.a.w.) alijikinga kwa Allah na wasiwasi, huzuni na uzito wa deni katika dua moja. Tukamwendea mwenye duka, tukamkumbusha Al-Baqara, aya ya 280: mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Akampa bamvua mbili. Mgonjwa tukampeleka Kidongo Chekundu.

Siku hizi, baada ya darsa, tunaulizana madeni bila ya kuoneana haya. Ndugu Waislamu, mwenye kudai na asubiri, na mwenye kudaiwa asijifiche.