Kilometa Chache, Mapigo Mengi

Magharibi ya nchi ya Ujerumani, kusini ya mji wa Cologne, kuna vilima vya Eifel. Juu ya kilima kimoja yapo magofu ya ngome ya kale iitwayo Nürburg, na kando yake, katikati ya misitu, yazunguka njia mashuhuri ya mashindano ya motokaa. Ilifunguliwa mwaka 1927. Mzunguko wake wa kaskazini una urefu wa karibu kilometa 21, nao wapanda na kushuka kiasi cha meta 300. Mashindano ya Formula One yalikoma katika mzunguko huo mwaka 1976, Niki Lauda alipoungua vibaya garini mwake.

Siku zilizowekwa, watu wa kawaida hulipa ushuru wakaingia na magari yao. Hapo ndipo uonapo magari ya spoti yanayong'aa kama mapya. Lakini tazama njia yenyewe! Penye Fuchsröhre gari huteremka kwa kasi, na huko chini hukandamizwa hata springi zikajikunja. Penye Karussell magurudumu huingia katika kona ya saruji iliyoinama, yenye kugonga-gonga. Penye Pflanzgarten barabara huinama ghafula; gari huwa jepesi, kisha uzito wote hurudi kwa kishindo.

Nani apokeaye mapigo hayo? Ni shokapu, bushi za mpira na viungo vya magurudumu. Shokapu hutuliza springi kwa kupitisha mafuta katika matundu madogo. Sili zake zikichoka, mafuta huvuja, na gari huruka-ruka.

Tena yuko adui wa pili, naye ni miaka. Mpira huzeeka na kupasuka hata gari likilala bandani, na chumvi imwagwayo barabarani wakati wa theluji hula chuma.

Basi, wasomaji wapenzi, anunuaye gari lililotumika asihadaike na mita. Mita huhesabu mwendo. Haihesabu mapigo wala miaka. Na amwite fundi alipandishe gari, atikise magurudumu, atazame kama shokapu zina mafuta nje, kama mipira ina nyufa, kama tairi zimelika upande mmoja. Gari lenye shokapu mbovu huchelewa kusimama, na konani laweza kumtoka dereva mikononi. Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko msiba nyumbani.