Kipimo cha Moshi na Mahindi ya Bibi



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu wa falsafa tulipanda basi kwenda Gairo, nyumbani kwa mwenzetu mmoja, tukiwa tumepakata kopo la plastiki la kuwekea chakula lililotobolewa matundu mawili ubavuni. Kondakta alituuliza kama ni redio. Tulipomwambia ni kipimo cha hewa alicheka, akamgeukia dereva: "Hewa nayo siku hizi inapimwa!" Abiria wa kiti cha nyuma akataka kujua kama kipimo chetu kinaweza kusema nani ndani ya basi hajaoga. Hatukuwa na jibu la heshima.

Jambo lenyewe lilianzia seminarini, kwenye zamu ya jikoni. Baada ya wiki moja ya kusaidia kusonga ugali, kitambaa cheupe cha mmoja wetu kilikuwa kinatoka puani na weusi. Wiki hiyohiyo darasani tulikuwa tunasoma jinsi Aristotle na Mtakatifu Thomas wanavyofundisha kwamba maarifa ya mwanadamu huanzia kwenye milango ya fahamu. Tukajiuliza: kuna chembe ambazo jicho haliwezi kuziona hata moja moja, je, milango yetu ya fahamu imeshindwa hapo, au tunaweza kuiongezea mlango? Mwenzetu mmoja alikuwa amesomea ufundi wa umeme kabla ya kuingia seminari. Yeye hakuona sababu ya kubishana. Aliagiza kihisi kutoka Kariakoo.

Namna kihisi hicho kinavyofanya kazi kila mtu aliyelelewa chini ya bati anaifahamu. Bati likiwa na tundu la msumari, mwale wa jua hupenya, na ndani ya mwale huo unaona vumbi likicheza ambalo sekunde moja kabla hukuliona. Kihisi kina feni ndogo inayovuta hewa, mwale wa leza badala ya jua, na jicho la kielektroniki linalopima mwanga unaotawanywa na chembe zinapopita. Ubao mdogo wa kompyuta husoma matokeo na kuyaandika kwenye memori kadi. Chembe tulizozitafuta ni zile zenye upana usiozidi mikromita 2.5, karibu mara thelathini chini ya upana wa unywele. Hizo haziishii puani wala kooni, huteremka hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa mwaka usizidi 5.

Gairo ni wilaya changa, ilimegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, na mji wake umekaa juu ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Msafiri anaufahamu kwa mambo mawili: upepo, na baridi ya Juni na Julai inayomshangaza mtu wa Morogoro mjini. Kwa sababu ya upepo huo na baridi hiyo, watu wengi hupikia ndani na kufunga mlango.

Bibi wa mwenzetu, ambaye sasa ni bibi yetu sote, hupikia kwenye mafiga matatu katika kijumba cha udongo nyuma ya nyumba kubwa. Ana kikohozi cha miaka mingi. Zahanati wamempima kifua kikuu mara mbili na hakuna kitu. Siku ya kwanza tulitundika kopo letu ukutani, tukatoka nje tukisubiri sayansi. Bibi alituita.

"Wajukuu zangu, hicho kidubwana kinapima nini kule juu? Mimi niko huku chini."

Alikuwa kwenye kigoda. Moshi mzito ulikuwa juu ya kichwa chake na kopo letu lilikuwa katikati ya moshi huo, likisoma hewa ambayo hakuna mtu anayeivuta. Kisha moto ulipolegea aliinama, akaweka uso kwenye majivu na kupuliza. Pale alivuta kwa pumzi mbili moshi ambao ukuta wetu haukuuona kabisa. Ndipo tulipoelewa kwamba kipimo cha namna hii lazima kivaliwe. Usiku ule tulitoa kila kitu kwenye kopo, tukakihamishia kwenye kisanduku kidogo cha soketi ya umeme, tukatumia pawabenki nyembamba, na Bibi mwenyewe akaamua kamba ipite wapi: isikae shingoni itakaponing'inia juu ya sufuria, ila ifungwe kwenye fundo la kanga, karibu na bega.

Yaliyofuata ni somo la unyenyekevu. Siku moja tulipanda upande wa Nongwe, kwenye milima ya Ukaguru, ambako hewa ya asubuhi ni ya kumshukuru Mungu. Kipimo chetu kikapiga kelele kana kwamba tuko ndani ya tanuri la mkaa. Ulikuwa ukungu tu. Unyevu ukizidi, chembe huvimba kwa maji na matone yenyewe hutawanya mwanga wa leza, na kihisi hakijui tofauti. Tuliporudi mjini kinyume chake kikatokea: upepo uliinua vumbi hadi tukafumba macho, na kipimo kikatulia kama mtu aliyelala, kwa sababu vihisi vya aina hii ni hodari kwa chembe ndogo za moshi na ni vipofu kwa chembe kubwa za udongo. Kwa ufupi, kilituambia uongo kwa kusema na kwa kunyamaza. Tuliongeza kihisi cha unyevu ili tujue lini tusikiamini. La vumbi hatukuwa na dawa yake.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere wamepita njia hii kabla yetu. Mradi wao wa AirQo, unaoongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha, ulianza 2015, na wameweka vifaa vya bei nafuu juu ya majengo na hata kwenye bodaboda za Kampala. Kabla ya kuviamini huviweka kando ya mashine kubwa ya gharama na kusahihisha tofauti. Sisi hatukuwa na mashine kubwa. Tulikuwa na Bibi.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya nini mvaaji aonyeshwe. Mmoja wetu alitaka namba. Mwingine alisema namba ni ya sisi tuliosoma, ziwekwe taa tatu: kijani, njano, nyekundu, kwa kufuata viwango vya Shirika la Afya. Wa tatu hakutaka chochote kionekane, kwa hoja kwamba anayebeba hofu kifuani kutwa nzima hajasaidiwa. Taa tatu zilishinda. Nyekundu iliwaka Bibi alipowasha kijinga cha kwanza na haikuzimika hadi makande yalipoiva, saa tatu baadaye. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu Bibi alikigeuza kisanduku kikatazama kwenye kanga. Taa inayowaka muda wote ni sawa na taa isiyokuwepo, hilo hatukuliona tulipokuwa tunachora.

Tukabadilisha. Taa kumi ndogo katika mstari, ya kumi ikiwa ni mikrogramu 500, ambako kihisi chetu huanza kubahatisha. Sasa Bibi alianza kucheza nacho. Kuni zilizokauka darini: taa saba. Kuni mbichi: kumi. Mlango wazi na sufuria imefunikwa: sita. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yaliwahi kuiva, na moto ukazimwa mapema. Mtungi mdogo wa gesi, alioletewa na mjukuu na kuutunza kwa ajili ya chai ya wageni, haukuwasha taa hata moja, naye alikaa akiuangalia mtungi ule muda mrefu. Ila makande kwa gesi ni kumaliza mtungi kabla ya mwezi haujafika nusu, na yeye anajua bei yake kuliko sisi.

Hapo ndipo dhamiri zetu zilipogongana. Taa sita ni takriban mikrogramu 300. Bibi alifurahi kufika sita, na sisi tulijua kwamba sita ni mara ishirini ya kiwango cha siku. Ni kweli kiwango kile ni wastani wa saa 24 na yeye hapiki saa 24, lakini hakuna hesabu itakayoifanya sita kuwa salama. Je, kifaa kinachompa mtu furaha ya namna hiyo kinasema kweli? Mmoja wetu alisema tumemdanganya bibi mzee kwa taa za rangi. Mwingine akasema mgonjwa anayepanda mlima huonyeshwa hatua inayofuata, haonyeshwi kilele. Tulibishana hadi mshumaa ukaisha, na mshumaa nao, kwa taarifa, uliwasha taa moja. Mwishowe tuliamua kumwambia Bibi wazi: hata taa ya kwanza tu imeshavuka kiwango cha madaktari.

"Nilijua," alisema. "Macho yangu yaliniambia tangu nilipoolewa. Nilikuwa nangoja mtu mwingine ajue."

Kisha akatuonyesha dari lake, mahindi yaliyoning'inia juu ya mafiga, meusi kwa masizi. Dumuzi hawayagusi, kwa sababu ya moshi. "Kwenye kidude chenu mahindi yangu yako wapi?" Hayapo, Bibi. Mpaka leo hayapo. Mtu akimletea jiko lisilo na moshi itabidi amletee pia njia ya kuhifadhi gunia zake, na hilo hatujaliona likizungumzwa sana.

Shirika la Afya linakadiria kwamba moshi na uchafu wa hewa wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Baba Mtakatifu Fransisko aliutaja moshi wa kupikia katika Laudato Si' mwaka 2015. Serikali yetu ina mkakati wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Sisi seminarini tunazidi 100.

Tuliporudi masomoni mama mpishi wetu alikubali kuvaa kisanduku kwa siku sita, kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe popote. Kila siku taa kumi ziliwaka kuanzia saa kumi alfajiri hadi uji ulipotoka. Ule uji tumeunywa kwa miaka, baada ya kuubariki, bila kuuliza. Daftari la masomo hayo tulilipeleka kwa Padre Gombera kwa woga kidogo, kwa sababu kumwambia mkubwa wako jambo ambalo huenda analijua ni kazi nzito kuliko mtihani wa mantiki. Alilisoma lote akiwa amesimama. Hakusema habari za fedha. Aliuliza tu kisanduku kina mkanda wa urefu gani, na akasema kesho atakwenda nacho jikoni mwenyewe, saa kumi.

Betri tumeshaichaji.