Herufi Isiyotamkwa

Jumapili, 4 Februari 2024. Ruwi, Maskati

Ayya ameleta kiribath. Ni wali uliopikwa kwa tui zito, ukashindiliwa kwenye sinia na kukatwa vipande vya mshazari. Mama angeuona angedhani ni mkate wa sinia uliosahauliwa sukari. Kwao Sri Lanka leo ni siku ya uhuru, wa 1948. Hapa matbaani hakuna likizo, basi tumekula wima, vidole vina mafuta na wino.

Hata hatujanawa, kesi ikazuka. Zile kadi mia mbili za harusi zilizotoka Alhamisi zimerudishwa. Upande wa Kisinhala Ayya ndiye aliyepanga, na jina la bibi harusi, Dhammika, halikuandikwa kwa ile d yenye pumzi. Ameweka d kavu. Baba mtu amefoka kwenye simu hadi sote tukamsikia. Mwenye matbaa akauliza kama ni macho yamechoka.

"Si macho," Ayya akajibu. "Ndivyo linavyotamkwa."

Nilimngoja atulie, nikamuuliza: kwani sikio linaona tofauti?

"Halioni, Malli. Ndiyo maana."

Malli ni mdogo wake mtu, wa kiume. Ayya ni kaka. Tangu siku ya kwanza hatujaitana kwa majina.

Jumanne, 6 Februari

Amenieleza wakati wa chai, nyuma ya karatasi ya ankara. Kisinhala kina herufi za namna mbili. Kuna zile zinazotosha maneno ya wenyewe, na kuna zilizoongezwa ili Kisanskriti na Kipali viandikwe kama vilivyokuja, pamoja na pumzi zao. Dh hiyo si ya dhahabu. Ni d inayosukumwa na hewa. Ulimi wa Kisinhala uliziacha pumzi hizo zamani sana, mkono haukuziacha. Mtoto wa shule hukariri neno lipi lina d ya pumzi na lipi halina, na sikio halimsaidii kitu.

Sisi wa Mombasa tuna ugonjwa wa upande wa pili. Paa la nyumba na paa wa mwituni si kitu kimoja kinywani mwa nyanya yangu: mnyama ana pumzi, nyumba haina. Tahajia sanifu imewaweka zizi moja. Wao wanaandika pumzi wasiyoitoa, sisi tunatoa pumzi tusiyoiandika. Nilipomwambia alicheka mpaka akavua miwani.

Alhamisi, 8 Februari

Chanzo cha ukaidi wake kina jina: Munidasa Cumaratunga. Alizaliwa 1887 upande wa Dickwella, wilaya ya Matara, kusini kabisa mwa kisiwa. Ayya anatoka wilaya hiyohiyo, na baba yake alikuwa mwalimu wa shule, kwa hiyo mtu huyu kwao alitajwa mezani kama jamaa aliyesafiri.

Wazazi wa Cumaratunga walitaka awe mtawa wa Kibudha, wakampeleka pirivena, chuo cha watawa, akasoma Kipali na Kisanskriti. Hili nimelipigia mstari. Hakukichukia Kisanskriti kwa kutokijua. Alikijua kiasi cha kukitambua popote kilipojificha. Utawa hakuufuata, akawa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule. Tarehe 13 Januari 1941 aliunda Hela Havula, chama cha kukisafisha Kisinhala, na wito wao ukawa maneno matatu: basa, rasa, desa. Lugha, taifa, nchi. Alifariki 2 Machi 1944, umri miaka 56. Chama alikiishi miaka mitatu tu.

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza kabla. Alilifufua gazeti la Lakminipahana. Alichapa upya vitabu vya kale pamoja na maelezo yake. Sidat Sangarava, sarufi ya karne ya 13 ambayo wengine waliigusa kwa mikono miwili, yeye aliihoji kama mkaguzi anayehoji daftari la mwanafunzi. Akatunga sarufi yake kutokana na jinsi waandishi wa zamani walivyoandika kweli, si jinsi Kisanskriti kilivyowataka waandike. Akatunga na mashairi ya watoto, Kumara Gee. Ayya anayajua kwa moyo. Ananighania kwa sauti ndogo, mashine ikiwa imezimwa, na ingawa sifahamu neno, nasikia kwamba hakuna silabi iliyowekwa kuziba pengo.

Mimi nafikiri hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Mtu anayeweza kumwandikia mtoto wa miaka saba kwa maneno ya nyumbani na yasipwaye, huyo ameitendea lugha jambo. Kufukuza herufi ni rahisi zaidi.

Jumapili, 11 Februari

Majina. Wafuasi walianza kuyasafisha ya kwao wenyewe. Mshairi Ariyasena Ashuboda akawa Arisen Ahubudu, na watu wakawa wanamwendea awabunie majina ya watoto wachanga. Kanuni inaonekana wazi: pumzi inatoka, sh inalegea kuwa h, vokali za mwisho zinadondoka. Ni jinsi lugha yenyewe ilivyokuwa ikifanya polepole kwa karne nyingi. Ahubudu aliifanya mara moja.

Nimemchokoza Ayya kidogo. Wanaisimu wanakiweka Kisinhala katika jamaa ya lugha za India ya kaskazini, ndugu wa Kihindi na wa Kidivehi cha Maldivi. Neno Hela nalo, wanasema, ni Sihala lililochakaa, na basa ni bhasha iliyokatwa pumzi. Cumaratunga hakulikubali hilo hata chembe. Kwake Wahela walikuwapo kisiwani kabla ya Vijaya, yule mwana wa mfalme anayesimuliwa kuwa alivuka kutoka India, na lugha yao haikuzaliwa na yeyote.

"Na wewe wamwamini nani?" nikamuuliza.

"Asubuhi nawaamini wanaisimu. Usiku namwamini baba."

Ijumaa, 16 Februari

Siku ya mapumziko. Amekuja nyumbani na mkewe, tumekaa na watoto tukacheza mchezo wa kutaja vitu. Meza: mesaya. Pipa: pippaya. Leso: lensuva, kwao kitambaa cha mkononi. Mke wangu akaenda kabatini akatoa leso ya Mombasa, ile ya kujifunga, jozi nzima na jina lake, mgeni akashika kichwa. Ni Mreno yuleyule. Alifika kwao 1505, akaanza kujenga Ngome ya Yesu kwetu 1593, na kote alikopita aliacha samani na vitambaa.

Hakuna mtu wa Matara anayehangaika na mesaya. Kinachowasha ni Kisanskriti, lugha ya heshima. Mgeni aliyekuja na mzinga anasamehewa maneno yake haraka kuliko jirani aliyekuja na elimu. Kwetu pia sijawahi kusikia mtu akigombana na meza. Wanaochukia asili ya maneno huanza na Kiarabu.

Jumapili, 18 Februari

Ayya amenisikilizisha mwimbaji Sunil Santha kwenye simu yake. Mkatoliki, akaenda India kusomea muziki, akarudi akaimba Kisinhala kisicho na marembo ya kuazima. "Olu Pipila" ndio wimbo wenyewe. Mwaka 1952 redio ya taifa ilimleta bingwa wa muziki kutoka India, S. N. Ratanjankar, awapime wasanii wa kisiwani. Sunil Santha alikataa kupimwa, na nafasi yake redioni ikapotea. Muziki huo alikuwa ameusomea Lucknow, katika chuo alichokiongoza Ratanjankar mwenyewe. Yeye na Cumaratunga wamefanana: wote wawili walikataa jambo walilolifaulu.

Jumatano, 21 Februari

Siku ya Lugha Mama, wanasema. Nimejaribu kuandika leo bila neno la Mwarabu, Mwajemi, Mreno wala Mwingereza:

Leo nimeamka mapema. Nimefungua mlango nikaona mlima mweusi, na juu yake mwezi uliochelewa kwenda. Mke wangu amelala. Mtoto alilia, nikambeba, nikamwimbia, akanyamaza. Mchana upepo ulivuma ukaleta vumbi. Jioni tuliketi juu ya mkeka tukala wali na samaki. Kisha nikaona nimechoka, nikalala.

Robo saa nzima kwa mistari hiyo. Sikuweza kutaja kazi yangu, kwa kuwa kalamu, karatasi, herufi na kitabu vyote si vyetu, na neno kazi lenyewe nililitilia shaka. Sikuweza kusema lakini. Bila lakini mtu hawezi kuwaza. Anaweza tu kusimulia. Na hii ninayoiandika ni shajara, katika lugha, maneno mawili yaliyovuka maji kutoka pwani hii niliyokaa.

Ila nakiri kwamba yale ya mtoto na mwezi yamenipendeza kuliko chochote nilichoandika mwezi huu.

Alhamisi, 22 Februari

Samaki! Nimezinduka usiku wa manane. Samaki ni Kiarabu kitupu. Naliona neno hilo kila siku kwenye mbao za wauzaji wa Mutrah. Neno la kwetu ni nswi, na nyanya yangu alilitumia. Mimi nimelisahau nikiwa na akili zangu zote.

Nimemwambia Ayya. Hakucheka. Alisema kazi ya Hela Havula ilikuwa hiyo hasa: si kumnyang'anya mtu samaki, ni kumkumbusha nswi. Kisha akaniuliza kama kwetu wapo watu wa namna hiyo. Nikamtajia Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu na Mombasa, aliyetuundia runinga badala ya televisheni na ngamizi badala ya kompyuta. Runinga imeshika, hasa Kenya. Ngamizi naijua mimi na wachache.

Jumanne, 27 Februari

Anna amezungumza. Ndiye anayetia jalada na kukata karatasi, Mtamil wa Batticaloa, kisiwani kulekule kwa Ayya. Anna ni kaka pia, kwa Kitamil. Siku zote tunapozungumza mambo ya Hela huwa anainama kwenye kisu chake.

Leo alisema kwamba alipokuwa mdogo babake alirudi kutoka ofisi ya serikali na fomu asiyoweza kuisoma. Basi. Ayya akatazama chini.

Sheria ya Lugha Rasmi ni ya 1956, miaka 12 baada ya Cumaratunga kuzikwa: Kisinhala peke yake. Kitamil kilipewa hadhi ya lugha rasmi 1987, vita vikiwa vimeshaanza. Siwezi kumtwika maiti sheria ambayo hakuiandika. Lakini wito wake ulifunga lugha, taifa na nchi kamba moja, na kamba hiyo waliomfuata waliikuta tayari.

Kisha Anna akatushangaza. "Na sisi tulikuwa naye wetu," akasema. Huko Madras, 1916, mwanachuoni aliyeitwa Vedachalam alianza kukifagia Kitamil, naye alianza na jina lake mwenyewe. Veda akaiita marai, mlima akauita malai, akawa Maraimalai Adigal. Takataka aliyokuwa akiifagia? Kisanskriti.

Ayya alikuwa hajalisikia hilo maishani mwake. Aliomba aandikiwe jina. Anna akamwandikia kwa Kitamil, kisha, baada ya kusitasita, kwa herufi za Kisinhala, na hakukosea hata moja.

Jumamosi, 2 Machi

Miaka 80 leo tangu Cumaratunga afariki. Ayya amewasha ubani kando ya mashine, mwenye matbaa akauliza nini kinaungua.

Kadi mpya za harusi zimechukuliwa Alhamisi, na pumzi ya Dhammika iko mahali pake. Ayya alizipanga mwenyewe na gharama ya karatasi imekatwa kwenye mshahara wake. Hakunung'unika. Ila alinionyesha jina lake chini ya ankara, limeandikwa kwa herufi kavu tupu.

Zile mia mbili za kwanza Anna amezikatakata, akazishona kwa uzi zikawa vidaftari, akatugawia kimoja kimoja. Upande huu ni mweupe, ndio ninaouandika. Nikigeuza naona nusu ya ua la dhahabu na jina la bibi harusi lililokatwa katikati.