Kijana Aliyekaa Juu ya Mabomba

Kuna kitu kimoja tumekizoea sana hapa Dar es Salaam mpaka hatukioni tena. Simama dakika kumi tu kando ya Barabara ya Mandela, uangalie pikapu zinazopita na mizigo mirefu: mabomba ya maji, nondo, mbao, ngazi za mafundi. Halafu angalia nani ameushika mzigo. Mara nyingi ni kijana. Amekaa juu yake, mguu mmoja ndani, mwingine unaning'inia, mkono ameubana kana kwamba gari likipiga breki yeye ndiye atakayeuzuia. Jamani, binadamu amekuwa kamba ya bei rahisi kuliko zote mjini.

Sisi wa magazetini habari za vijana hawa tunaziandika kwa kifupi. Aya tatu, ukurasa wa ndani: marehemu alikuwa amekaa juu ya shehena. Basi. Hakuna anayeuliza shehena ilifungwaje.

Ndiyo maana nililivalia njuga suala la pikapu ya baba mdogo. Yeye ni fundi bomba, na ana Hilux ya zamani yenye kabini moja. Bomba la chuma kwa kawaida huuzwa likiwa na mita 6. Bodi ya gari lake kwa nyuma ni mita 2 na kidogo. Hesabu mwenyewe. Miaka yote mabomba yalilazwa mshazari, kichwa kimeegemea paa la kabini, mkia umetokeza nyuma, na kijana wake wa kazi juu yake.

Nilipomwambia tufunge vyuma vya kubebea, alicheka. "Mwanangu, wewe andika magazeti, gari niachie mimi. Nitoe hela yote hiyo na huyu anakaa pale bure?"

Nikamuuliza, "Baba mdogo, siku akianguka utamwambia nini mama yake?" Mama mwenyewe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza vyuma hivyo vinauzwaje.

Fundi wa kuchomelea alishauri atuchomelee fremu moja kwa moja kwenye bodi. Baba mdogo alikataa, na hapo alikuwa na hoja. Gari hilo hilo kesho linabeba mchanga, keshokutwa saruji, na karibu na sikukuu linabeba mbuzi. Fremu isiyotoka ingekuwa kero. Tukachukua vyuma vya kusogeza: reli mbili zinazobanwa juu ya kingo za bodi, kulia na kushoto, na vyuma viwili vya kukingama vyenye miguu mirefu inayopita kimo cha kabini kidogo. Ukilegeza nati, chuma kinateleza juu ya reli mbele au nyuma. Usipokihitaji unakitoa.

Kazi yenyewe ilituchukua Jumamosi nzima, na mambo machache nadhani yatamfaa mwenye gari.

Kwanza, usikimbilie kutoboa bodi. Kila tundu ni mlango wa kutu. Vibano vinavyoshika ukingo kwa chini vinatosha ikiwa ukingo ni mzima. Kama umeshaliwa na kutu, utibu kwanza, maana kibano hakiwezi kuwa imara kuliko bati kilichoshika. Kati ya chuma na rangi tuliweka vipande vya mpira wa tyubu ili visikwaruzane.

Pili, pima mishazari. Toka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha upande wa pili. Vipimo viwili vikilingana, vyuma vimekaa sawa. Visipolingana, vimekwenda upande, hata kama jicho linakwambia viko sawa. Nati nazo usizikaze moja hadi mwisho ndipo uende nyingine. Kaza kidogo kidogo kwa kupokezana, na baada ya safari ya kwanza rudi na spana, kwa sababu mtikisiko wa barabara hulegeza.

Tatu, vyuma viwili viachane kadiri nafasi inavyoruhusu, na katikati ya bomba iangukie kati yao. Uzito wa juu usizidi ule ambao watengenezaji wa vyuma wameuandika. Tena kumbuka kwamba mzigo ukiwa juu, gari linakuwa jepesi kupinduka kwenye kona. Saruji ibaki chini kwenye bodi.

Nne, na hili ndilo kubwa, vyuma peke yake havizuii kitu. Bomba ni laini, gari likisimama ghafla linateleza kwenda mbele kama mkuki. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde, na nguvu iliyomo kwenye mzigo ni mara nne ya ile ya kilomita 40. Kwa hiyo tunazungusha mkanda kwenye fungu lote la mabomba, tunalibana kwa kila chuma, halafu tunafunga mkia usiende mbele. Mpira wa tyubu, ambao kila mtu mjini anaufungia mizigo, tumeubakiza kazi ya kuzuia mikwaruzo tu. Mpira unavutika, na kinachovutika kinauacha mzigo utembee. Mwisho wa mabomba tunafunga kitambaa chekundu anayekuja nyuma akione.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda nao Mbagala kupeleka mabomba kumi. Kijana, kwa mazoea, alishakanyaga tairi la nyuma apande. Baba mdogo akamwita, "We, njoo mbele huku." Tukabanana watatu. Tulipofika Mtoni Mtongani aliniuliza kwa sauti ya chini kama redio ya gari huwa inalia siku zote, au imewashwa leo kwa ajili yangu.

Miaka miwili amefanya kazi kwenye gari hilo, na alikuwa hajui kwamba lina redio.